Goti la Mzee Machogu Halina Kosa

Ko! Shwaa. Ko! Shwaa.

Bosibori aliacha kuchambua mboga za chinsaga, akatega sikio. Hakuona mtu. Migomba ilikuwa imeiziba njia yote. Lakini sauti hiyo aliijua. Ko ni fimbo inayogonga mawe. Shwaa ni mguu unaoburutwa.

"Umerudi, Baba Ongeri?" aliita.

"Nimerudi," migomba ikajibu.

Baada ya muda mrefu, Mzee Machogu alitokeza. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye mabega mapana na masharubu yaliyoanza kuota mvi. Mwaka huo, 1971, alikuwa na miaka hamsini na minne. Zamani hakuna mtu katika vilima vya Manga aliyemshinda kupanda. Watu walisema Machogu akipita, mbuzi hukaa kando wampishe. Siku hizi mbuzi ndio waliompita yeye, hata wenye mimba.

Alikaa upande mmoja wa kigoda, kama mtu aliyekalia yai.

"Zimebaki wiki ngapi?" aliuliza.

"Nane," Bosibori alisema.

Hakuna aliyehitaji kuuliza wiki za nini. Ongeri, mwana wao wa kwanza, alikuwa na shamba Nyansiongo, kule walikokaa walowezi wa Kizungu zamani. Ardhi ya huko ni tambarare. Ng'ombe wake walitoa maziwa mengi. Jumapili iliyopita Ongeri alikuja kuwasalimu, akamkuta baba yake katikati ya mteremko wa chai, ameshika kichaka kwa mikono miwili, hawezi kupanda wala kushuka.

"Baba, mlima huu umekushinda," Ongeri alisema. "Hamieni kwangu."

"Na chai yangu?"

"Atachuma mtu mwingine. Sikiliza, Baba. Mwisho wa Agosti nitakuja na trekta na tela. Ukiweza kupanda mpaka kituo cha kupimia chai kule juu kwa miguu yako, nitarudi na tela tupu. Usipoweza, mtapanda telani wewe na Mama."

Machogu aliinamisha kichwa. Mguu ulikuwa umekwisha kujibu.

Tangu siku hiyo Bosibori alikuwa akihesabu moyoni vitu vya kupakia. Vyungu vingeingia. Kuku wangeingia. Lakini chemchemi chini ya shamba isingeingia. Kaburi la mama mkwe wake lisingeingia. Wala wanawake aliokuwa akiimba nao kila Sabato, sauti nene mbele na nyembamba nyuma, wasingeingia.

Alimtazama mumewe tena. Mara akaona kitu cheupe chini ya suruali iliyopandishwa.

"Baba Ongeri, hii ni nini?"

"Bendeji."

"Naona ni bendeji. Goti limefanya kosa gani?"

Machogu aliwatazama kuku.

"Kila jioni nakukanda kwa majani ya moto," Bosibori alisema. "Nakukanda wapi?"

"Punguza sauti. Watu watasikia."

"Watu gani? Kuku?"

"Huku nyuma," Machogu alinong'ona. "Juu ya makalio. Upande wa kulia."

"Na goti?"

"Goti ni zima."

"Sasa kwa nini zahanati wamelifunga goti?"

Machogu alipumua kwa nguvu. "Pale zahanati, anayeuliza wagonjwa na kuandika kadi ni nani?"

"Drusilla."

"Na Drusilla ni nani?"

Drusilla alikuwa mke wa Abner, mwana wao wa pili. Alikuwa mkwe wao. Kwa Wagusii, baba mkwe na mke wa mwanawe hutenganishwa na heshima kubwa iitwayo ensoni. Baba mkwe haingii nyumbani kwake. Hataji mbele yake sehemu za mwili zilizo chini ya mkanda. Afadhali aumwe na nyoka akae kimya.

"Aliniuliza, 'Baba, unaumwa wapi?'" Machogu alieleza. "Nikatazama juu. Nikatazama chini. Nilipotazama chini nikaliona goti. Nikasema goti."

Bosibori alicheka mpaka chinsaga ikamwagika. Alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka tena.

"Miezi mitatu umelipaka dawa goti lisilougua!"

"Limekuwa laini sana," Machogu alisema kwa huzuni.

Bosibori alifuta machozi. Ndipo kicheko kikamwisha. Miezi mitatu imepotea, na zimebaki wiki nane tu. Mkwe haambiwi. Wana hawaambiwi, maana baba na mwana nao wana haya zao. Basi nani ataambiwa?

Akakumbuka. Desturi ile ile iliyoufunga mlango huu ilikuwa imeacha mwingine wazi. Kati ya babu na mjukuu hakuna ensoni. Babu na mjukuu hutaniana, hutukanana kwa mapenzi, na husemezana jambo lolote.

"Okemwa!" alisema.

"Okemwa gani?"

"Okemwa wa Nyangate, dada yako. Si mjukuu wake? Basi ni mjukuu wako. Na si tabibu? Jumapili atakuja kumsalimu bibi yake. Nitamleta hapa hata kama ni kwa kumvuta sikio."

Hakuhitaji kumvuta sikio. Jumapili Okemwa alifika kwa baiskeli, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa kijana mwenye maneno mengi. Alikuwa amemaliza mafunzo yake ya utabibu na kuajiriwa katika kituo cha afya ng'ambo ya bonde.

"Sokoro!" alipiga kelele, kwa maana ya babu; bibi naye humwita magokoro. "Nasikia siku hizi huwezi hata kumkimbiza kuku. Basi magokoro ni mke wangu sasa. Nimekuja kumchukua."

"Mchukue," Machogu alijibu. "Lakini ujue anakoroma."

"Mimi nakoroma?" Bosibori alisema. "Wewe ukilala, ng'ombe wa jirani huitikia!"

Walicheka wote. Bosibori akasimulia habari za goti, kisha Okemwa alinawa mikono, akafunga mlango.

"Sasa, sokoro. Usiniambie kwa mdomo. Nionyeshe kwa kidole kimoja."

Machogu aligeuka. Aliweka kidole nyuma, chini kidogo ya kiuno, upande wa kulia, pale penye kishimo juu ya makalio.

"Ondoa kidole. Onyesha tena."

Kidole kilirudi pale pale.

"Vizuri. Umewahi kuanguka? Una homa? Umekonda bila sababu? Maumivu hukuamsha hata ukiwa umelala tuli? Mguu una ganzi? Haja ndogo inakusumbua?"

"Haya! Hata haja ndogo?"

"Hata hiyo. Mtu akiwa na mojawapo ya hayo, simshiki hapa nyumbani. Namtuma hospitali siku hiyo hiyo."

Machogu hakuwa na hata moja. Okemwa akamwambia asimame kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine, akiwa ameshika ukuta. Alimtazama kiuno kwa nyuma kuona kama upande mmoja unaanguka. Haukuanguka. Kisha akamlaza chali juu ya kitanda cha mbao.

"Nitaanza na mguu mzima, halafu mgonjwa. Ndivyo tunavyolinganisha. Na kila nikigusa, uniambie jambo moja: ni maumivu yale yale unayoyajua, au ni mageni?"

Kwanza aliuinua mguu wa kulia ukiwa umenyooka.

"Kuna moto unaoshuka mpaka chini ya goti?"

"Hakuna."

"Basi sioni dalili kwamba mshipa wa fahamu umebanwa mgongoni."

Pili, alilikunja paja mpaka goti likaelekea dari. Akauzungusha mguu polepole, kwa ndani na kwa nje. "Hapa nauliza kiungo cha nyonga, pale paja linapoingia katika mfupa wa nyonga. Kikiugua huwa kigumu, na mara nyingi maumivu huja mbele, kwenye kinena. Wakati mwingine, sokoro, nyonga huugua na goti ndilo hulia. Mtu akiniambia goti, nami ni lazima nipime nyonga."

"Kwa hiyo sikudanganya sana," Machogu alisema.

"Ulidanganya. Kinena kinauma?"

"Hapana."

Mguu ulizunguka vizuri. Okemwa akauchukua mguu wa kulia, akaweka kifundo chake juu ya goti la kushoto, miguu ikafanya umbo la nne. Akaushika upande wa kushoto wa nyonga kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akalisukuma goti la kulia chini, taratibu.

"Ii!" Machogu alisema.

"Wapi? Mbele au nyuma?"

"Nyuma! Pale pale!"

"Maumivu unayoyajua?"

"Nayajua kama ninavyomjua magokoro wako."

Bosibori alimpiga kofi la mguu, ule mzima.

"Shahidi wa kwanza," Okemwa alisema. "Lakini je, wazee wa Manga humhukumu mtu kwa shahidi mmoja?"

"Hapana. Tunataka wengine."

"Nasi pia. Jaribio moja linaweza kusema uongo."

Alilisimamisha tena paja la kulia, akasukuma kutoka gotini kuelekea chini, kwa kufuata mfupa wa paja. Machogu alisema ii mara ya pili, pale pale. Kisha Okemwa akamgeuza alalie ubavu wa kushoto, akaweka viganja viwili juu ya nyonga na kuigandamiza kuelekea kitandani. Safari hii ii ilikuwa ndefu, na kuku nje walinyamaza.

"Mashahidi watatu, neno moja," Okemwa alisema. "Amka, sokoro. Inuka kwa ubavu, polepole."

Bosibori alisogea karibu. "Ni mfupa umeoza? Niambie kweli. Tutahama?"

"Sioni dalili ya mfupa kuoza, magokoro. Tazama." Okemwa alichukua beseni lililokuwa pembeni. "Mifupa ya nyonga imekaa kama beseni hili. Uti wa mgongo unaingia kwa nyuma, hapa. Unashikana na beseni kulia na kushoto kwa viungo viwili. Viungo hivi havichezi sana. Kazi yake ni kubeba uzito. Cha kulia kimechoka na kukasirika. Nadhani ndicho kinacholia."

"Nani amekikasirisha?" Machogu aliuliza.

"Hilo ndilo nataka kujua. Chukua jembe. Twende ukasimame kwenye chai yako, kama unavyolima. Usilime. Simama tu."

Walitoka. Shamba la Machogu lilikuwa na mteremko mkali kama paa la nyumba. Alisimama kati ya mistari ya chai. Mguu wa kulia aliuweka juu, wa kushoto chini, kiuno akakipinda.

"Sogea mstari wa pili," Okemwa alisema.

Machogu alisogea. Mguu wa kulia juu, wa kushoto chini.

"Wa tatu."

Kulia juu, kushoto chini.

Bosibori aliweka mkono mdomoni. Alikuwa amemwona hivyo kila siku tangu walipopanda chai mwaka 1963, na hakuwa ameona.

"Na kikapu hubebea wapi?"

"Bega la kulia. Bega la kushoto ni la wavivu."

"Basi ni wewe mwenyewe, sokoro," Okemwa alisema. "Siwezi kuapa kwamba ni hilo peke yake. Lakini miaka minane umekipa kiungo kimoja kazi ya viwili. Hata punda angegoma."

Wakakaa chini, naye Okemwa akaeleza taratibu. Wiki tatu bila jembe. Lakini asilale kutwa, maana kiungo kisichotembea hukakamaa. Atembee mwendo mfupi, mara nyingi. Kitambaa chenye joto asubuhi na jioni. Vidonge vya maumivu baada ya chakula tu, kwa kipimo atakachoandikiwa. Kila siku alale chali, akunje magoti, ainue kiuno mara kumi na kukishusha polepole. Atakaporudi shambani, kila mstari abadilishe mguu wa juu. Chai ya kikapu kimoja aibebe kwa safari mbili, nacho kikapu kikae mgongoni katikati.

Alichukua leso ya Bosibori, akaikunja, akaifunga kwa nguvu kuzunguka nyonga za Machogu, chini ya kiuno. "Si tumboni. Hapa. Unapotembea tu. Na baada ya wiki sita, kama huna nafuu, utakwenda hospitali Kisii ukapigwe picha. Nawe magokoro, sitaki kusikia unawalaza wanawake wa kwaya na kuwagandamiza. Anayepima ni aliyefunzwa."

"Nilikuwa nimeanza kufikiria," Bosibori alikiri.

Okemwa alipanda baiskeli. Alikuwa mtu wa kutunga mashairi, hakuweza kuondoka bila kutia chumvi. Aliimba akishuka, mkono mmoja hewani:

*Paumapo elezea, usimfiche tabibu,*
*Goti ukilionea, nyonga haipati jibu,*
*Kimya ukikizoea, utazidisha adhabu,*
*Sema upate tembea, dawa ijue sababu.*

"Angalia mbele, utaanguka!" Machogu alimfokea. Lakini jioni Bosibori alimsikia akiyaimba maneno hayo alipokuwa akiinua kiuno kitandani, moja mpaka kumi.

Wiki mbili za kwanza hazikuonyesha kitu. Wiki ya tatu alilala usiku kucha bila kugeuka. Wiki ya nne alijiona kijana, akachukua jembe asubuhi, akalima mpaka mchana bila kubadilisha mguu hata mara moja. Jioni alirudi ameshika ukuta.

Bosibori hakumgombeza. Alichukua jembe, akalilaza chini, akalikalia.

"Mama Ongeri, inuka."

"Nimechoka. Napumzika."

Alilikalia siku tano, kila Machogu alipolitazama. Siku ya sita alimpa, akakaa mwisho wa mstari na kuita kama askari: "Geuza! Kushoto juu!" Majirani waliopita walisimama kutazama. Mmoja aliuliza kama Machogu amejiunga na jeshi.

"Ndiyo," Machogu alisema, "na jemadari ni huyu."

Okemwa alikuwa ameandika kadi mpya na kuituma zahanati. Drusilla aliisoma. Sabato iliyofuata alimfuata Bosibori nje ya kanisa, macho yakiwa chini.

"Mama, nami nilikosa. Niliandika goti bila kufikiri. Nilijua Baba hawezi kuniambia kila kitu."

"Ungefanya nini, mwanangu? Kumvua suruali?"

Drusilla alicheka, akafunika uso. "Hapana! Lakini sasa kila mzee akija namwuliza kwanza, 'Ungependa kuzungumza na mimi, au na mtu mwingine?' Wiki hii peke yake watatu wametaka mtu mwingine. Wawili walikuwa wameniambia goti."

Siku ya mwisho ya Agosti, trekta lilinguruma chini ya kilima. Ongeri alishuka, na tela lilikuwa tupu, limefagiliwa. Alikuwa amelitandika majani makavu ili mama yake akae vizuri. Bosibori alipoyaona majani hayo moyo ulimwuma. Mwanawe hakuwa mkatili.

"Baba yuko wapi?" Ongeri aliuliza.

"Njoo tumfuate," Bosibori alisema.

Machogu alikuwa ameshatangulia. Kikapu kilikuwa mgongoni, kimejaa nusu. Leso ya mkewe ilikuwa imefungwa nyongani, maua mekundu kwa mzee mzima, naye hakujali. Alipanda bila haraka. Penye mawe alipunguza mwendo. Penye mteremko mkali alisimama, akavuta pumzi, akaendelea. Hakuburuta mguu. Bosibori alikuwa nyuma yake, mkono tayari, lakini hakumgusa.

Kituo cha chai kilikuwa juu kabisa ya kilima. Machogu alifika, akateremsha kikapu chake, akasubiri. Bosibori alifika. Mwishowe alifika Ongeri, shati limelowa, mikono magotini.

"Mama," alisema akihema, "njia hii ilikuwa ndefu hivi?"

"Ni ile ile. Umezoea tambarare."

Waliokuwa kwenye foleni na vikapu vyao walicheka. Ongeri hakucheka. Alipopata pumzi alimkaribia baba yake.

"Baba, nitarudi na tela tupu, kama nilivyosema. Lakini usidhani nilitaka kukufukuza nyumbani kwako. Niliogopa. Kila nilipokuuliza ulisema, 'Goti tu, litapona.' Nami niliona unakwisha. Ningejuaje?"

Haya zilimjia Machogu usoni, kama zilivyomjia pale zahanati. Alimtazama Bosibori. Bosibori hakumsaidia.

"Ongeri," Machogu alisema, kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia. "Mama yako ni shahidi, na hawa wenye vikapu ni mashahidi. Siku mlima huu utakaponishinda kweli, sitangoja unikute nimeshika kichaka. Nitakuletea habari mimi mwenyewe. Palipo na haya, nitamwambia Okemwa naye atakuambia. Siku hiyo uje na trekta lako, nami nitapanda telani bila neno. Nakuahidi, mwanangu."